Umbali na Muda wa Ndege: Somo Kutoka Marree na Birdsville

SOMO LA TOLEO HILI
Na Afisa wa Mawasiliano wa Kaunti

Katika baraza moja la wananchi nililohudhuria, mzee mmoja alisimama akauliza swali ambalo sikuwa na jibu lake pale pale. "Mwanangu," alisema, "binti yetu alizidiwa na uchungu wa uzazi, zahanati ikaomba ndege. Tukaambiwa ndege ni dakika hamsini. Tukamtoa ndani, tukampeleka uwanjani, tukakaa naye juani zaidi ya saa mbili. Hizo dakika hamsini zilikuwa za nani?"

Mama huyo alifika hospitalini, na leo yeye na mtoto wako salama. Lakini swali la mzee lilinifuata hadi ofisini. Aliyepokea simu hakusema uongo, kwa sababu ndege hiyo hukaa angani dakika hamsini kweli. Mzee naye hakukosea, maana alichotaka kujua ni lini msaada utamfikia. Walikuwa wakizungumzia mambo mawili tofauti kwa neno moja: umbali.

Somo la toleo hili linahusu jambo hilo. Tutajifunza jinsi ya kupima umbali kati ya sehemu mbili, jinsi ya kuugeuza umbali huo kuwa muda wa ndege, na kwa nini muda huo pekee hautoshi kupangia safari, hasa safari ya mgonjwa. Mfano wetu tutautoa Australia, nchi ambayo watu wa nyika yake wamekuwa wakiishi na hesabu hii kwa karibu miaka mia moja.

MIJI MIWILI YA NYIKANI

Sehemu kubwa ya katikati ya Australia ni nyika kame yenye watu wachache mno. Jimbo la Queensland peke yake ni kubwa karibu mara tatu ya Kenya nzima. Ndani ya nyika hiyo kuna miji midogo ambayo sisi huku tungeiita vituo vya biashara. Tuchukue miwili: Marree, iliyo katika jimbo la Australia Kusini, na Birdsville, iliyo Queensland, kilomita chache tu kutoka mpaka wa majimbo hayo mawili. Birdsville ina wakazi wapatao mia moja. Marree ni ndogo zaidi.

Miji hii inaunganishwa na barabara ya vumbi na changarawe inayoitwa Birdsville Track, yenye urefu wa kilomita 517. Ilianza kutumika miaka ya 1880, wachungaji walipokuwa wakiswaga ng'ombe kutoka Queensland hadi Marree ili wapakiwe kwenye treni. Barabara hiyo hupita kando ya majangwa, na katikati yake kuna mahali pamoja tu pa kupumzikia na kununua mafuta, Mungerannie, karibu kilomita 200 kutoka Marree.

Wafugaji wetu wa ngamia watapenda kujua kwamba kabla ya malori kuingia, mizigo ya eneo hilo ilibebwa na ngamia. Wanyama hao waliletwa kwa meli pamoja na waendeshaji wao, wengi wao Waislamu kutoka Afghanistan na sehemu ambazo leo ni Pakistan na India. Marree ilikuwa moja ya vituo vyao vikubwa, na huko walijenga mmoja wa misikiti ya mwanzo kabisa ya Australia.

Sasa fikiria msafara wa ngamia unaokwenda kilomita 35 kwa siku. Kilomita 517 zitauchukua siku 15. Gari imara likienda kwa wastani wa kilomita 70 kwa saa litachukua saa saba na nusu hivi, bila kuhesabu kupumzika. Ndege itatumia kama saa moja. Miji haijasogea hata hatua moja, ila muda umebadilika kutoka wiki mbili hadi saa moja. Kwa hiyo mtu akikuuliza "ni mbali kiasi gani?", swali lako la kwanza liwe: kwa chombo gani?

UMBALI WA AINA MBILI

Umbali wa kwanza ni wa barabara. Barabara huzunguka mlima, hufuata mahali penye kivuko cha mto, hukwepa mchanga. Kati ya Marree na Birdsville, umbali huo ni kilomita 517.

Umbali wa pili ni wa mstari mnyoofu, yaani ule ambao ndege wa porini angeupita akiruka moja kwa moja. Kati ya miji hiyo miwili ni karibu kilomita 435. Tofauti yake na barabara ni kilomita 82.

Rubani hutumia umbali wa mstari mnyoofu. Dereva hutumia umbali wa barabara. Ukimpa rubani kilomita za barabara, atadhani safari ni ndefu kuliko ilivyo. Ukimpa dereva kilomita za angani, atabeba mafuta yasiyotosha, na katika nyika kosa hilo linaweza kugharimu maisha. Simu nyingi za kisasa huonyesha aina zote mbili za umbali. Kabla ya kumtajia mwenzako nambari, angalia ni ipi unayoisoma.

Kuna jambo jingine: umbali wa barabara si wa kudumu. Mvua ikinyesha, Birdsville Track hufungwa, na anayeipita wakati imefungwa anaweza kutozwa faini. Mto Cooper Creek, ambao kwa miaka mingi huwa mkavu pale unapokatiza barabara, ukifurika hulazimisha magari kupita njia ya mzunguko na kuvushwa kwa kivuko kidogo. Mkazi yeyote wa kwetu aliyewahi kulala ng'ambo ya lagha akingoja maji yapungue anaelewa maneno haya bila kufafanuliwa.

JINSI YA KUPIMA MWENYEWE

Huhitaji kuwa mhandisi. Njia rahisi ni ramani na uzi. Nyoosha uzi kati ya sehemu mbili, kisha uulinganishe na kipimo kilichochorwa pembeni mwa ramani. Hapo umepata umbali wa mstari mnyoofu. Ukitaka wa barabara, laza uzi ukifuata kila kona, kisha uunyooshe na kuupima.

Njia ya pili ni ya latitudo na longitudo, na mwanafunzi wa sekondari aliyesoma kanuni ya Pythagoras anaweza kuwafanyia wazazi wake jioni moja. Digrii moja ya latitudo, yaani kwenda kaskazini au kusini, ni karibu kilomita 111 popote duniani. Digrii moja ya longitudo, yaani kwenda mashariki au magharibi, ni kilomita 111 kwenye Ikweta, halafu hupungua kadiri unavyoiacha Ikweta. Huko kati ya Marree na Birdsville ni kama kilomita 98.5 tu.

Tufanye hesabu pamoja.

Tofauti ya latitudo kati ya miji hiyo ni digrii 3.75. Zidisha kwa 111, unapata kilomita 416.
Tofauti ya longitudo ni digrii 1.29. Zidisha kwa 98.5, unapata kilomita 127.
Zidisha kila jibu kwa lenyewe: 173,056 na 16,129.
Jumlisha: 189,185.
Tafuta kipeo cha pili cha jumla hiyo: karibu 435.

Hizo ndizo kilomita 435 tulizozitaja. Sisi Wakenya tuna bahati katika hesabu hii. Ikweta inapita katikati ya nchi yetu, kwa hivyo unaweza kutumia 111 kwa pande zote mbili na jibu lako likawa karibu sana na ukweli.

KUTOKA KILOMITA HADI DAKIKA

Sasa tugeuze kilomita kuwa muda. Kanuni ni ile ya darasani: gawanya umbali kwa mwendo.

Ndege ndogo ya injini moja ya pistoni, inayokwenda kilomita 240 kwa saa, itamaliza kilomita 435 kwa saa 1 na dakika 49. Ndege ya kilomita 300 kwa saa itatumia saa 1 na dakika 27. Ndege za wagonjwa kama Pilatus PC-12 au King Air huenda karibu kilomita 500 kwa saa, na hizo zitatumia dakika 52.

Hata hivyo, ndege haipati mwendo wake kamili pale pale inapoanza. Hutembea ardhini hadi mwanzo wa njia ya kurukia, hupanda polepole, na mwishoni hupunguza mwendo ili itue. Kwa makadirio ya kawaida, ongeza dakika kumi. Dakika 52 zinakuwa 62, na ndiyo sababu nilisema ndege itatumia kama saa moja.

Kisha kuna upepo. Ile ndege ndogo ya kilomita 240 kwa saa ikikutana na upepo wa kilomita 40 kwa saa unaovuma kutoka mbele, mwendo wake juu ya ardhi utakuwa kilomita 200, na safari itafika saa 2 na dakika 10. Upepo huo huo ukivuma kutoka nyuma, mwendo utakuwa 280 na safari itakwisha kwa saa 1 na dakika 33. Njia ni ile ile na ndege ni ile ile, lakini kwenda na kurudi kunatofautiana kwa zaidi ya nusu saa. Kwa wanaoishi mahali penye upepo mkali, hili si jambo dogo.

Tena, si kila ndege huenda moja kwa moja. Ndege ya abiria inayohudumia Birdsville hupita njia ndefu kutoka Brisbane hadi Mount Isa, ikitua njiani katika miji kama Charleville, Quilpie, Windorah, Birdsville, Bedourie na Boulia, kama matatu inavyoshusha na kupakia. Serikali ya Queensland huchangia gharama za njia hiyo kwa sababu abiria ni wachache. Anayesafiri humo hawezi kupima muda wake kwa kugawanya kilomita kwa mwendo tu. Lazima ahesabu kila mahali ndege inapotua.

TAHADHARI YA SAA YA UKUTANI

Kati ya Marree na Birdsville kuna mtego mmoja zaidi. Majimbo hayo mawili hayatumii saa moja. Wakati wa majira ya baridi, Marree iko nyuma ya Birdsville kwa nusu saa. Ukiondoka Marree saa tatu kamili asubuhi na kuruka kwa saa moja, utaikuta saa ya Birdsville ikisema saa nne na nusu. Ukirudi, utaondoka saa tano kamili na kutua saa tano na nusu. Anayetazama saa ya ukutani pekee atadhani kwenda ni saa moja na nusu na kurudi ni nusu saa. Majira ya joto mambo hugeuka, kwa kuwa Australia Kusini husogeza saa zake mbele na Queensland haisogezi.

Kenya nzima hutumia saa moja, kwa hiyo mtego huo hatuna. Wetu ni mwingine: saa ya Kiswahili na ya Kiingereza. Ukiambiwa kwa Kiingereza kwamba ndege inatua "saa nane", uliza kama ni asubuhi au mchana. Watu wamewahi kuisubiri ndege saa sita nzima kwa kosa hilo.

MADAKTARI WA NDEGE WALIKOANZIA

Mwaka 1917, mchunga ng'ombe mmoja aitwaye Jimmy Darcy aliumia vibaya kaskazini magharibi mwa Australia. Wenzake walimfikisha mji mdogo wa Halls Creek, ambako hakukuwa na daktari. Mtu pekee mwenye ujuzi kidogo wa huduma ya kwanza alikuwa mkuu wa posta, Fred Tuckett. Tuckett aliwasiliana kwa telegrafu na daktari aliyeitwa Holland, aliyekuwa Perth, karibu kilomita 1,900 kwa mstari mnyoofu. Kwa maelekezo ya daktari yaliyokuja neno kwa neno kwenye waya, alimpasua mgonjwa kwa kisu kidogo cha mfukoni.

Dakta Holland kisha akafunga safari. Alipanda meli ya kubeba ng'ombe, akaendelea kwa gari, kisha kwa gari la kukokotwa na farasi, na sehemu nyingine kwa miguu. Baada ya siku kumi na zaidi alifika Halls Creek, akaambiwa Darcy alifariki siku iliyotangulia. Upasuaji wa mkuu wa posta ulikuwa umefaulu. Kilichomuua ni malaria na jipu la kidole tumbo ambavyo hakuna aliyevigundua.

Kisa hicho kilimgusa sana mchungaji wa kanisa aliyeitwa John Flynn, ambaye tayari alikuwa akijenga zahanati nyikani. Kwa zaidi ya miaka kumi alitafuta fedha na ndege. Tarehe 17 Mei 1928, ndege ya kwanza ya huduma yake iliruka kutoka mji wa Cloncurry hadi Julia Creek huko Queensland. Umbali ulikuwa karibu kilomita 130, na ndege yenyewe, iliyokodishwa kutoka kampuni ya Qantas, ilikwenda takribani kilomita 130 kwa saa. Katika mwaka wa kwanza huduma hiyo ilifanya safari 50 na kutibu watu 225.

Ndege peke yake isingetosha. Daktari angejuaje kwamba kuna mgonjwa mahali pasipo na simu? Mwaka 1929 fundi Alfred Traeger alitengeneza redio ya kupiga pedali kama baiskeli, ambayo familia iliyo peke yake nyikani iliweza kuitumia bila umeme wa aina nyingine. Baadaye, kuanzia mwaka 1942, huduma hiyo iligawa masanduku ya dawa yenye nambari. Daktari alisema redioni, "mpe dawa nambari fulani," na mama wa nyumbani akaipata bila kuhangaika na majina marefu.

Afrika Mashariki nayo ilipata huduma ya namna hiyo mwaka 1957, madaktari wapasuaji Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees walipoanzisha shirika ambalo leo tunalijua kwa jina la Amref. Ndege za wagonjwa za Amref huruka kutoka Uwanja wa Wilson, Nairobi, na wengi wetu tumewahi kuziona zikitua katika viwanja vyetu vidogo.

HESABU KAMILI YA MGONJWA

Sasa turudi kwa swali la mzee wetu. Tuchukue mgonjwa wa kufikirika aliyeko Marree, anayehitaji hospitali kubwa ya Adelaide. Ndege ya wagonjwa haikai Marree. Kituo cha karibu kiko Port Augusta, kilomita 316 kwa mstari mnyoofu. Kutoka Marree hadi Adelaide ni kama kilomita 588. Ndege inakwenda kilomita 500 kwa saa. Muda wa ardhini nimeukadiria kwa ajili ya mfano huu.

Simu, uamuzi wa daktari na maandalizi ya ndege: dakika 45.
Port Augusta hadi Marree, dakika 38, pamoja na 10 za kuruka na kutua: dakika 48.
Kumtuliza mgonjwa na kumpakia: dakika 40.
Marree hadi Adelaide, dakika 71, pamoja na 10: dakika 81.
Gari la wagonjwa kutoka uwanja wa ndege hadi hospitali: dakika 25.

Jumla ni dakika 239, yaani karibu saa nne kamili.

Tazama hesabu hiyo tena. Aliyeuliza "ndege ni muda gani?" angejibiwa "dakika 48", na jibu hilo lingekuwa sahihi. Lakini mgonjwa angeiona ndege baada ya dakika 93, na angeuona mlango wa hospitali baada ya saa nne. Katika dakika zote 239, ndege inashughulikia 129. Dakika 110 zilizobaki zinapita ardhini.

Hapo ndipo dakika hamsini za mzee zilipokuwa. Zilikuwa muda wa angani wa safari moja. Hakuna aliyemwambia habari ya simu, maandalizi na mafuta, na kwa hiyo mgonjwa alitolewa kivulini mapema mno.

DAKIKA ZILIZO MIKONONI MWETU

Mwendo wa ndege hatuwezi kuuongeza, wala hatuwezi kuisogeza Nairobi. Lakini dakika za ardhini nyingi ziko mikononi mwetu wakazi. Haya ndiyo tunayoweza kufanya.

Kwanza, piga simu mapema. Safari ndefu huanza na uamuzi, na uamuzi ukichelewa saa moja hakuna ndege itakayoirudisha. Nambari za dharura nchini ni 999 na 112. Nambari ya zahanati yako na ya mhudumu wa afya ya jamii ziwe zimeandikwa ukutani, si ndani ya simu ambayo betri yake imekwisha.

Pili, uliza maswali mawili tofauti: "Ndege itaruka saa ngapi?" na "Itatua kwetu saa ngapi?" Usiulize tu "ni muda gani?" Jibu la swali la pili ndilo litakalokuongoza.

Tatu, mgonjwa abaki zahanati, kivulini, akiangaliwa na muuguzi, hadi muuguzi mwenyewe aseme ni wakati wa kumsogeza. Pima mapema gari linachukua dakika ngapi kutoka zahanati hadi uwanjani. Kama ni dakika kumi na tano, hakuna haja ya kutoka saa mbili kabla.

Nne, mtu mmoja apewe kazi ya uwanja. Huko nyika ya Australia, kabla ya ndege kutua, wenyeji huendesha gari kutoka mwanzo hadi mwisho wa njia ya kurukia ili kufukuza kangaruu na ng'ombe. Kwetu ni mbuzi, punda na ngamia. Rubani akikuta mifugo, atalazimika kuzunguka juu au kurudi alikotoka. Nimeona kwa macho yangu ndege ikizunguka mara tatu huku vijana wakikimbizana na kundi la mbuzi. Kila mzunguko ni dakika za mgonjwa.

Tano, mweleze anayekuuliza hali ya uwanja kwa ukweli: je, ni mkavu au una tope? Kuna mashimo? Upepo unavuma kutoka upande gani? Kitambaa kilichofungwa juu ya mti mrefu kitamwonyesha rubani upepo. Ukisema uwanja ni mzuri ili ndege ije haraka, unahatarisha watu walio ndani yake na mgonjwa anayewangoja.

Sita, jua jina la uwanja wako kama linavyojulikana na marubani, pamoja na latitudo na longitudo yake. Majina ya vijiji hufanana. Nambari hazifanani.

JIPIME

Swali la 1. Cloncurry hadi Julia Creek ni kilomita 130 kwa mstari mnyoofu na kilomita 137 kwa barabara. Ndege ya mwaka 1928 ilihitaji muda gani, na gari la leo la kilomita 100 kwa saa linahitaji muda gani?

Swali la 2. Ndege ya kilomita 500 kwa saa itachukua muda gani kwenye safari hiyo, pamoja na dakika kumi za kuruka na kutua?

Swali la 3. Iwapo ndege hiyo iko Cloncurry na inahitaji dakika 45 za maandalizi, huku gari likiwa tayari pale pale, mgonjwa wa Julia Creek atafikiwa kwanza na kipi?

Majibu. La kwanza: ndege saa 1, gari saa 1 na dakika 22. La pili: dakika 16 na dakika 10, jumla dakika 26. La tatu: ndege itafika baada ya dakika 71, gari baada ya dakika 82. Tofauti ni dakika 11 tu. Ndege ikichelewa robo saa kwa sababu ya mbuzi au mafuta, gari limeshinda. Pale penye lami na umbali mfupi, usidharau gari la wagonjwa. Ndege huonyesha faida yake pale barabara inapokuwa ndefu, mbaya au imekatika.

Swali la 4 ni la nyumbani, na halina jibu katika jarida hili. Chukueni karatasi moja, muandike: umbali kutoka kijijini kwenu hadi zahanati, kutoka zahanati hadi uwanja wa ndege mdogo ulio karibu, na kutoka hapo hadi hospitali ya rufaa, kwa barabara na kwa mstari mnyoofu. Kando ya kila umbali muandike muda wake, wakati wa kiangazi na wakati wa mvua. Nakala moja ibaki zahanati, nyingine kwa chifu, ya tatu kwa msimamizi wa wadi. Walimu wa hisabati na jiografia wanaweza kuifanya kazi hii kuwa zoezi la darasa.

Nilirudi kwa yule mzee wiki chache baadaye nikiwa na hesabu yangu kwenye daftari. Alinisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa. "Kumbe tulipewa dakika za ndege," alisema, "na sisi tulikuwa tunauliza dakika za binti yetu." Kisha akaniuliza ni nani atakayewafukuza mbuzi uwanjani siku nyingine, na kabla sijajibu, akamwita mjukuu wake.